Shajara ya mradi: mashine ya kupepeta dhahabu pasipo maji

9 Machi

Lengo nimeliandika kwa chaki kwenye ukuta wa karakana, hapa Kariobangi Light Industries, ili kila fundi anayeingia alione: mashine ya mkono, ibebwe na watu wawili, itenge dhahabu na mchanga wa laga, yaani mto wa msimu unaokauka, bila maji katika hatua ya kwanza, na bila zebaki, sumu ambayo wachimbaji wengi huitumia kunasa dhahabu, katika hatua yoyote.

Watakaoitumia ni kina mama wa Loima, kaunti ya Turkana, upande wa Lokiriama. Shemeji yangu ni mwalimu huko, na ndiye aliyenisimulia kazi yao inavyokwenda. Wanachimba kando ya laga, wanabeba mchanga kwa ndoo, kisha wanauosha kwa karai. Maji ya kuoshea yanatoka kwenye visima vilivyochimbwa ndani ya mchanga uleule wa laga, visima ambavyo familia zinanywa na mbuzi wananyweshwa. Mifugo ikifika kisimani, karai zinawekwa chini. Kiangazi kikikaza, kazi inasimama kabisa, ilhali huo ndio msimu ambao fedha zinahitajika zaidi nyumbani.

Kwa hiyo siungi mashine hii kwa kupenda ufundi tu. Kila mtungi wa lita 20 unaomwagika kwenye mchanga umetolewa kwenye kinywa cha mtu au cha mnyama. Hilo ndilo linalonisukuma.

14 Machi

Hesabu kwanza, mbao baadaye.

Dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo. Mawe meupe ya kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga, yana gramu 2.65. Hewani, basi, dhahabu inaizidi kwatzi uzito karibu mara 7. Ndani ya maji tofauti hukua, kwa sababu maji hupunguza gramu moja kwa kila sentimita ya ujazo ya kitu kilichozama: dhahabu inabaki na 18.3, kwatzi inabaki na 1.65, na uwiano unapanda hadi 11. Maji ni msaidizi mkubwa. Anayefanya kazi bila maji lazima afidie msaada huo kwa njia nyingine.

Njia yenyewe ni chekecheke. Punje zikiwa za ukubwa tofauti, hewa haijui ipi ni nzito kwa asili yake na ipi ni nzito kwa ukubwa tu. Kwa punje laini kama vumbi, kwatzi yenye upana wa mara 2.7 ya dhahabu huanguka kwa mwendo sawa na dhahabu hiyo. Zikipita pamoja, hazitengani. Na dhahabu ya laga mara nyingi imepondwapondwa na mawe ya mafuriko ikawa vibapa, na kibapa huanguka polepole kuliko punje ya mviringo. Kadiri punje zinavyokaribiana ukubwa ndivyo uzito wa asili unavyopata nafasi ya kuamua.

20 Machi

Mzunguko wa kununua vifaa. Mbao za saiprasi Gikomba. Wavu wa kahawa na mabati Kamukunji, ambapo fundi mmoja mzee alinikatia fremu mbili za chekecheke huku akiniuliza kama ni za kuchekecha mahindi. Ngozi laini ya mvukuto nimeipata Kariokor. Kitambaa nimekinunua Eastleigh, aina tatu, kwa kuwa sijui bado kipi kitapitisha hewa inavyotakiwa: turubai zito, marekani, na pamba nyepesi ya shuka. Kirinyaga Road nimepata vile vyuma vya risasi vya kubalansia magurudumu, vya zamani, vinavyokatika kwa kisu. Kazi yake nitaieleza.

29 Machi

Mashine imesimama. Juu kuna sanduku lenye chekecheke inayozuia kokoto. Mchanga uliopita huangukia kwenye kisanduku cha chini kilichoinama, chenye sakafu ya kitambaa kilichowambwa juu ya wavu, na vipingo vitano vya mbao vilivyokatiza njia. Chini ya kitambaa kuna mvukuto wenye kilango cha ngozi kinachoruhusu hewa kuingia lakini si kutoka. Mvukuto unaendeshwa na mpini uliofungwa kwenye gurudumu la baiskeli, na gurudumu limeshikwa na kibao kilichotobolewa pembeni badala ya katikati, hivyo likizunguka linauinua na kuushusha.

Kinachotokea juu ya kitambaa kinapendeza kukitazama. Kila pumzi ikipita, mchanga unainuka kidogo na kulegea, unachemka kama uji. Punje zikishalegea, nzito hupenyeza chini hadi kitambaani na kukwama nyuma ya kipingo. Nyepesi zinabaki juu, zinateremka na mwinamo, zinavuka kipingo kimoja baada ya kingine hadi zinamwagika mwishoni. Anayejua kupepeta mtama kwa ungo ataielewa mashine hii kabla hajaelezwa, isipokuwa hapa kinachotafutwa ni kile kinachobaki chini.

Nilijaribu pia feni ya gari kuukuu badala ya mvukuto, inayotoa upepo usiokatika. Upepo ulijitobolea njia zake mchangani na kupitia hapo tu, huku mchanga wa pembeni ukilala. Pumzi za kukatika ndizo zinazoutikisa wote. Feni imerudi rafuni, na hilo ni jema kwa sababu Lokiriama hakuna mtu wa kuchaji betri kila jioni.

5 Aprili

Majaribio ya vitambaa. Risasi ina gramu 11.3 kwa sentimita ya ujazo. Ni nyepesi kuliko dhahabu, kwa hiyo mashine ikiikamata risasi ya ukubwa na umbo fulani, dhahabu ya umbo hilohilo haitaiponyoka. Nimekata vipande 50, nusu vya milimita 2 na nusu vya milimita 1, nikavipondaponda viwe vibapa, nikavichanganya na debe moja la mchanga wa Machakos uleule wanaouuzia wajenzi. (Risasi ni sumu. Glavu, na mikono kuoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Vipande hivi havitoki karakanani.)

Turubai limebana hewa kupita kiasi, mkono unachoka na mchanga hauchemki. Pamba ya shuka inapitisha hewa vizuri ila vumbi linazama hadi kwenye mvukuto. Marekani, tabaka mbili, ndiyo iliyofaulu: vipande 47 kati ya 50 vilipatikana, vingi nyuma ya kipingo cha kwanza na cha pili. Vitatu vilivyotoroka vyote ni vya milimita 1. Mwinamo niliouacha ni kama nyuzi 20.

17 Aprili

Mvua ya masika imefika, nayo imenifundisha zaidi ya vitabu.

Mchanga uleule, mashine ileile, mwinamo uleule. Tofauti ni kwamba gunia lilikaa usiku kucha karibu na mlango na likapata unyevu. Kwa macho mchanga ulionekana mkavu. Kwa mkono ulihisi baridi kidogo tu. Vipande vilivyokamatwa: 29 kati ya 50.

Nimerudia kwa mchanga niliounyunyizia maji kidogo sana, matokeo yakawa mabaya zaidi. Sababu inaonekana ukitazama kwa lenzi: tabaka jembamba la maji linagandisha vumbi kwenye punje na punje kwa punje, vinakuwa vidonge vidogo, na kidonge chenye kipande cha risasi ndani yake ni chepesi, kinavuka vipingo vyote na kwenda zake. Palipo na udongo wa mfinyanzi ni vibaya zaidi, kwa maana vidonge hivyo vinabaki hata baada ya kukauka mpaka vipondwe.

Nikautandaza mchanga juu ya bati, nikawasha jiko chini yake, nikaugeuza kwa mwiko hadi ukawa unateleza mkononi bila kuacha alama. Vipande 48.

Kwa hiyo nimeufuta mpango wa kuongeza ukubwa wa mvukuto. Nguvu ya hewa haikuwa tatizo hata kidogo. Fedha zilizobaki zitakwenda kwenye turubai kubwa jeusi la kuanikia, nyundo ya mbao ya kupondea vidonge, na chekecheke ya pili yenye matundu madogo. Kukausha, kuponda, kuchekecha: hapo ndipo dhahabu inapopatikana au kupotea, na mvukuto unakuja kumalizia. Nimempigia shemeji jioni kumwambia awaeleze kina mama jambo hili moja kabla ya mengine yote. Huko jua lipo, tena la bure. Lakini mchanga wa chini ya laga ni mbichi hata wakati wa kiangazi, hivyo ukichimbwa asubuhi usipepetwe kabla haujaanikwa vizuri.

Na jambo jingine nililomwomba awaambie, ingawa alinijibu kwamba wao ndio walioanza kulisema: pale mchanga unapokuwa mbichi sana pana maji ya kunywa chini. Mashimo ya dhahabu yakae mbali na visima, na yafukiwe kazi ikiisha, maana mbuzi na watoto hutumbukia.

26 Aprili

Mvua haikatiki, mchanga haukauki. Nimekaa kusoma habari za wachimbaji wa Australia Magharibi, kwa kuwa walikuwa na shida hii hasa. Dhahabu ilipatikana Coolgardie mwaka 1892 na Kalgoorlie mwaka 1893, katika nchi isiyo na mto hata mmoja wa kutegemewa. Watu walisimama mahali penye upepo wakimimina mchanga kutoka karai moja hadi nyingine, upepo ukipeperusha vumbi, kisha wakaja na visanduku vya mvukuto kama hiki changu. Maji ya kunywa yalipatikana kwa kuchemsha maji ya chumvi kwa kuni na kuukusanya mvuke, nayo yaliuzwa ghali. Homa ya matumbo iliua wengi. Ni mwaka 1903 tu ndipo bomba la zaidi ya kilomita 500 lililosanifiwa na mhandisi C. Y. O'Connor lilipofikisha maji Kalgoorlie.

Bomba la namna hiyo halitafika Lokiriama kwa ajili ya kuosha mchanga, wala sidhani lifike kwa ajili hiyo. Likifika, liwe la watu na mifugo kwanza.

Kumimina kwa karai peke yake, bila mashine, nimekujaribu juu ya paa hapa Kariobangi. Dhahabu nene itabaki. Ile laini inakwenda na upepo, hasa upepo wa kushtukiza. Na kaskazini upepo si wa mchezo: kule Marsabit, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, kuna mitambo 365 ya umeme wa upepo yenye uwezo wa megawati 310. Upepo unaotosha kuzungusha mapanga hayo hautaibakiza dhahabu laini kwenye karai. Mashine ifungwe pande zote mbili kwa turubai ili upepo wa nje usiingilie.

8 Mei

Vumbi. Nimeahirisha kuandika juu yake mpaka nipate jawabu linaloniridhisha, na bado sijaridhika.

Vumbi la kwatzi likivutwa kwa muda mrefu hukwaruza mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na kifua kikuu humpata kwa urahisi zaidi aliye nao. Kuosha kwa maji hakuna vumbi. Kupepeta kuna vumbi jingi. Siwezi kuwapa watu akiba ya maji nikawachukulia mapafu yao. Hatua nilizochukua: sketi ya turubai kuzunguka kisanduku cha chini, mpini umerefushwa ili anayezungusha akae hatua mbili mbali, mdomo wa kutolea makapi umeshushwa karibu na ardhi, na mshale mwekundu umepakwa rangi kwenye ubao, kuonyesha upande ambao upepo utokee, ili watu wakae huko. Barakoa zinazochuja vumbi laini zitapakiwa na mashine, si leso. Watoto wasikaribie kabisa. Hili la watoto nimelisisitiza kwa shemeji, kwa sababu ninajua mtoto hukaa alipo mama yake, na kwa hiyo lazima pawe na kivuli mbali na mashine na mtu wa kuwaangalia.

22 Mei

Madini House, Machakos Road, asubuhi. Nilitaka ramani za kijiolojia na kuelewa sheria. Ofisa aliyenihudumia alikuwa na subira.

Kwa Katiba ya 2010, madini yote yanahesabiwa kuwa ardhi ya umma, hata kama juu yake ni malisho ya jamii. Kwa Sheria ya Madini ya 2016, mchimbaji mdogo anahitaji kibali, na kibali hicho ni cha raia wa Kenya tu. Anayenunua naye awe na leseni ya kufanya biashara ya madini. Ardhi ya Loima kwa sehemu kubwa ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ni ya mwaka huohuo wa 2016, kwa hiyo idhini ya wenyeji haiepukiki. Kina mama hawa ndio wenyeji. Wanachokosa ni karatasi, na bila karatasi yeyote mwenye tingatinga anaweza kuja na kibali chake akawahamisha. Shemeji ameanza kuwasaidia kujaza fomu. Naona hili lina uzito sawa na mashine nzima.

Yaliyotokea Hillo, kule Dabel, Moyale, hayajasahaulika. Machimbo yalifungwa mwezi Machi 2024 baada ya watu kuuawa, na Mei mwaka huohuo shimo likaporomoka na kuua wachimbaji watano. Ndiyo maana mradi wangu ni wa mchanga wa juu wa laga, si wa mashimo marefu.

6 Juni

Hatua ya pili: kusafisha kinachobaki nyuma ya vipingo. Hicho si dhahabu tupu. Ni mchanga mweusi, mwingi wake madini ya chuma yenye gramu 5 hivi kwa sentimita ya ujazo, mazito mno kwa mvukuto kuyatoa. Nimenunua sumaku ya spika kuukuu kwa fundi wa redio wa Luthuli, nikaivalisha mfuko wa plastiki. Unaipitisha juu ya mchanga mkavu, inavuta nyeusi. Ukiuvua mfuko, zinaanguka zote pembeni. Vuta mara mbili, kwa sababu mchanga mweusi ukiruka kwa kishindo hubeba punje za dhahabu katikati yake.

Kinachobaki, kama vijiko vichache, ndicho kinachooshwa kwa karai ndani ya beseni, maji yakirudi palepale. Mtungi mmoja unatosha siku nzima ya kazi.

Halafu mika. Mchanga wa Machakos una vipande vyake vinavyong'aa, na mgeni huruka kwa furaha akidhani ni dhahabu. Kivulini mika inafifia, dhahabu inabaki njano ileile. Ukigonga, mika inavunjika, dhahabu inatandazika.

Zebaki haimo. Tathmini ya dunia ya 2018 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu hapahapa Gigiri, ilionyesha kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza kwa kutoa zebaki hewani, karibu asilimia 38 ya yote inayotokana na shughuli za binadamu. Mama akiichoma kwenye sufuria jikoni, nyumba nzima inaivuta. Badala yake nimekaa na sonara mmoja wa mjini akanionyesha boraksi, aina ya chumvi ya unga: inachanganywa na masalio mazito, inayeyusha takataka kwa moto mdogo zaidi, takataka zinakuwa kioo juu na dhahabu inajikusanya chini. Inahitaji masalio yawe safi kwelikweli kabla ya moto, ndiyo sababu nashikilia sumaku na karai.

11 Julai

Mashine ilikwenda kwa basi kupitia Kitale, imefunguliwa vipandevipande. Shemeji ametuma sauti ndefu kwenye simu, na nyuma yake nasikia kina mama wakizungumza kwa pamoja.

Mchanga waliuanika toka jua la asubuhi hadi ulipopata moto. Hawakuhitaji kupimiwa mwinamo: mama mmoja mzee, mpepetaji wa mtama tangu utoto, alitazama mchanga unavyotiririka akaweka jiwe chini ya miguu ya nyuma, akatazama tena, akaliondoa na kuweka dogo zaidi. Walichukua mchanga kutoka nyuma ya miamba na kwenye tabaka gumu jeupe chini ya laga, wakifagia nyufa kwa ufagio, maana dhahabu hulala mahali mafuriko yanapopunguza kasi. Jioni karai ilionyesha pointi mbili na kidogo (pointi ni sehemu ya kumi ya gramu). Si utajiri. Ni kiasi wanachokipata siku ya kawaida ya kuosha, isipokuwa kisimani hakuna aliyechota zaidi ya mtungi mmoja.

Marekebisho waliyoagiza: miguu ifupishwe ili mtu azungushe akiwa ameketi, sanduku la juu liwe pana, kwa sababu wanaume wakijaza kwa sepetu linamwagika, kilango cha ngozi kipakwe mafuta, ngozi inakauka na kupasuka kule. La mwisho ni la yule mama mzee: kipingo cha kwanza kiwe kirefu kuliko vingine, kwani ameona nzito zote zinasimama hapo. Majaribio yangu ya Aprili yanakubaliana naye.

14 Julai

Nimemwomba shemeji atume makapi, yale yaliyomwagika mwishoni mwa kisanduku, ili nijue ni kiasi gani cha dhahabu laini kinatoroka. Mfuko uko kwenye basi la leo. Nitauanika, niupitishe kwenye chekecheke ya milimita 1, kisha karai, kabla sijakata mbao za sanduku la pili. Nairobi kuna baridi na manyunyu, kwa hiyo jiko na bati viko tayari.